Kibodi ya Mteja na Nguruwe wa Kaka

Shida yote ilianza kwa sababu nguruwe wa kaka yangu alishika mimba. Angekaa bila mimba, nisingekuwa na cha kusimulia, na ile kibodi ingeondoka kwangu kimya kimya kama zilivyoondoka nyingine.

Ngoja nianze vizuri, maana mjukuu wangu ndiye anayegonga haya ninayoyasema, na ameshanyanyua macho kuniangalia. "Bibi," ananiambia, "watu hata kibodi tunatengenezaje hawajui, wewe unawapeleka moja kwa moja kwa nguruwe." Haya. Nguruwe tutamfikia.

Huyu mjukuu ni mtoto wa binti yangu. Alimaliza chuo Dar, akarudi kwangu huku mlimani, juu ya mji wa Morogoro, na begi la nguo na boksi zito. Nikajua kaniletea sufuria. Nafungua, nakuta nyaya. Kazi alitafuta, hakupata, basi akawa anashinda kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba, kile alichokuwa akiwekea majembe marehemu mume wangu, anatengeneza kibodi. Kibodi ni ule ubao wa kuandikia kompyuta, wenye herufi za kubonyeza. Za dukani zipo tele, nyepesi kama biskuti. Yeye za dukani hazitaki. Anachonga boksi lake la mbao, vipande vya mninga anavyopewa na fundi seremala kule chini. Anapanga swichi, kila herufi na swichi yake. Anazipaka grisi kwa kiburashi, taratibu, utadhani anampaka bibi harusi wanja. Anaunganisha na kile kichuma cha moto cha mafundi redio, halafu ndio anavisha vifuniko vyenye herufi. Anaanza asubuhi, ukimwita chakula cha mchana anakujibu "naja", hiyo "naja" unaila wewe jioni ikiwa ya baridi.

Mwanzo ilikuwa kujifurahisha tu. Akatengeneza moja ya kwake, akaigonga, akairekodi kwa simu inavyolia, akairusha kwenye makundi yao huko mtandaoni. Watu wakaanza kuuliza, dada unauza? Nikamuuliza, "Hapo kwenye hiyo sauti ulikuwa unaandika nini?"

"Siandiki kitu bibi. Wanasikiliza inavyolia tu."

Jamani! Watu wazima, wana ndevu, wana mishahara, wanatumiana mlio wa vitufe! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu nikasema, hebu niwekee na mimi nisikie. Akaniwekea. Toka siku ile nimekuwa mgonjwa wa kitu hicho, sina dawa. Kuna inayolia kama maharage yanadondokea kwenye ungo. Kuna inayolia kama mtu anatafuna karoti chumba cha pili. Kuna moja ililia kama mbuzi anapita kwenye mawe ya mtoni, nikasema hiyo usiuze, iache tukae nayo, lakini akauza.

Na mimi nikaomba kazi. Akanipa ya kuchambua vifuniko, maana vinakuja vimechanganyika kwenye mfuko. Nikaona, hii kazi ninaijua, si ni kama maharage tu? Nikavimwaga kwenye ungo, nikakaa mlangoni, nikachambua. Vyenye herufi nikaweka huku. Visivyo na kitu juu yake nikasema hivi vimeoza, nikatupa migombani. Halafu kuna kimoja kirefu, kirefu, hakina alama yoyote, nikajua huo ni uchafu wa kiwandani. Nao nikautupa. Kumbe ndicho cha kuachanisha maneno! Mjukuu wangu akatambaa migombani mpaka magoti yakawa ya kijani, na kile kirefu tukakikuta kuku amekilalia.

Sasa kaka yangu. Ni mdogo wangu kwa kuzaliwa lakini ndiye msemaji wa ardhi, maana kwetu Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, na wajomba ndio wanaosema nani akae wapi. Akanunua nguruwe jike. Nguruwe akashika mimba. Kaka akamfunga kwenye mpera wangu, akasimama mbele ya kibanda akakipima kwa hatua.

"Mchumba," akamwambia mjukuu wangu, ndivyo anavyomwita, kama babu wote wanavyoita wajukuu. "Mchumba, vitu vyako unatoa lini? Huyu mama anataka kujifungulia ndani."

"Shikamoo babu. Hii ni ofisi yangu."

"Marahaba. Ofisi ina wateja. Mimi sijaona mteja akipanda huku. Naona wewe na bibi yako mnasikiliza mbao."

Nikaingilia. Nikamwambia kuna kijana anatoka Dar, anakuja mwenyewe kuchukua mzigo wake Jumamosi. Kaka akatafuna muwa wake, akafikiri. Akasema: "Basi. Akija, akaondoka na huo mzigo mkononi, kibanda chenu, sitauliza tena. Asipoondoka nao, Jumatatu nguruwe anahamia."

Tukakubaliana. Mjukuu wangu akaingia ndani. Akili yake naijua. Mahali pengine pa kwenda hana, na kwenye nyumba yangu chumba kimoja ninalala mimi, kingine kinalala vitunguu.

Huyo kijana wa Dar naye! Alitaka kibodi ilie kama mvua ya mwanzo kwenye bati. Sio mvua iliyochanganya, hapana, yale matone makubwa ya kwanza, yenye nafasi, yanayokufanya utoke mbio kuanua nguo. Tulihangaika. Tukajaza ndani sponji ya godoro, ikalia kama mtu ana mafua. Tukaweka majani makavu ya mgomba, ikalia vizuri lakini mende wakahamia. Mwisho nikatoa jembe la marehemu, limelika na mlima huu mpaka limebaki bapa kama chapati, mjukuu akalikata, akaliweka chini ya boksi. Akagonga. Tukaangaliana. Mimi nilinyoosha mkono nje ya mlango kuona kama inanyesha. Kweli tena!

Ijumaa ikawa imekamilika. Nzuri! Mninga unang'aa, vifuniko vyeupe kama maziwa. Na hapo ndipo mdomo wangu ulipotuponza.

Kwetu kila ukoo, sisi tunasema lukolo, una ukoo mwingine ambao ni watani wake. Mtani anakuzikia mtu wako, anakupikia msibani, halafu anakutukana hapo hapo mbele ya jeneza na wewe unacheka. Mtani akiingia kwako akapenda kitu, anabeba. Huruhusiwi kununa. Ukinuna umeaibisha ukoo mzima, wataongea mpaka wajukuu wa wajukuu. Kwa hiyo mtoto wa Kiluguru anafundishwa mapema: mbele ya mtani kitu chako usikisifie. Sema kibovu. Sema kinanuka. Mimi hilo nalijua toka sijaota meno.

Mtani wetu mkubwa ni kikongwe mmoja anakaa juu zaidi, kwenye mashamba ya karoti. Akapita Ijumaa ile na mkongojo wake, anatoka mjini.

"Hodi humu, wachawi!"

"Karibu, mwizi."

"Mnapika nini? Au leo mnakula wageni?"

Tukacheka, nikampa kigoda. Na furaha niliyokuwa nayo, jamani, nilikuwa nimejaa mpaka hapa shingoni. Nikasahau kila kitu. Nikamwambia, "Mtani, njoo uone kitu. Hujawahi kuona kitu kizuri kama hiki toka uzaliwe." Nilisema hivyo! Kwa mdomo wangu huu!

Kikongwe akaingia, akaangalia. Akabonyeza kifuniko kimoja. Akabonyeza na cha pili.

"Mmeng'oa meno ya marehemu wenu mkayapanga kwenye ubao," akasema. "Mmekuwa na njaa kiasi hicho? Wanapumzika wapi hawa bila meno? Nawachukua. Mimi ndiye niliyewazika."

Akaiviringisha kwenye kanga yake, akaibeba kichwani, akaondoka. Mjukuu wangu akataka kumkimbilia, nikamshika mkono. "Cheka," nikamwambia. "Cheka mwanangu, cheka kwa nguvu." Akacheka. Kicheko kile ungekisikia ungemwita daktari.

Kaka aliposikia alifurahi mpaka akakaa chini. "Utani ni utani," akasema. "Hairudishwi kwa nguvu. Mchumba, Jumatatu nakuja na ufagio."

Jumamosi kijana akafika. Alikuja na treni ya umeme, akapanda bodaboda, na bodaboda ilipokataa mlima akamalizia kwa miguu. Viatu vyeupe! Amevaa viatu vyeupe, kavuka navyo vijito vyetu vyote. Ana heshima lakini. "Shikamoo bibi."

"Marahaba baba, pole na safari. Mzigo wako upo."

"Uko wapi?"

"Umepanda juu kidogo."

Mjukuu wangu akamweleza. Sasa yeye kijana kwao ni kanda ya ziwa, watani anawajua, ila akauliza swali la mtu wa ofisi: "Hatuwezi kumpigia simu?" Nikamwambia baba, simu anayo, naye aliichukua kwa mtani mwingine, na namba zake hazijui. Jioni kijana alikuwa na treni ya kurudi. Basi tukapanda. Mimi mbele, mjukuu wangu, kijana na viatu vyake, na nyuma kabisa kaka yangu na muwa. Hakualikwa. Alisema hawezi kukosa.

Tukamkuta mtani amekaa nje kwenye mkeka, kibodi mapajani, amezungukwa na wanawake wanaosafisha karoti. Anawahubiria.

"Huyu," anabonyeza, tok, "babu yao mlafi. Matanga ya mkewe alikula mchele haujaiva." Tok. "Huyu alikuwa anaogopa kuku. Kuku akipiga kelele anapanda kitandani." Tok. "Huyu alikuwa mfupi, tulimzikia kwenye shimo la mgomba, na nafasi ikabaki tukapanda mgomba." Tok, tok. "Hawa mapacha, walikuwa wanaibiana nguo mpaka wakaibiana mke." Halafu akafika kwenye kile kirefu cha chini. Akakibonyeza kwa kiganja, dum. "Na huyu ni mama yao mkubwa. Alilala ujanani. Kufa hakukumbadilisha chochote."

Wanawake wanagaragara kwenye karoti. Na mimi ninacheka, nifanyeje? Mama mkubwa kweli alikuwa analala! Kaka naye machozi yanamtoka. Nikamtafuta kijana nikijua ameshakimbia. Nikamkuta amechuchumaa karibu na mkeka, amefumba macho.

"Bibi," anamwambia mtani polepole, "mrudie yule mlafi."

Tok.

"Na anayeogopa kuku."

Tok.

"Ndiyo yenyewe," akamwambia mjukuu wangu. Macho bado kafumba. "Hii ndiyo mvua yenyewe. Dada, umefanya kazi."

Uso wa mjukuu wangu hapo ulivyokuwa siwezi kukuelezea, na yeye hapa anagoma kugonga sehemu hii, ananiambia niiruke. Naiacha basi. Kijana akanyoosha mikono kupokea kibodi yake. Mtani akaivuta kifuani.

"Unampeleka wapi marehemu?"

"Dar es Salaam, bibi."

"Dar kuna joto. Wataoza."

Tukambembeleza. Tukamtania. Mjukuu wangu akatoa kanga yake mpya ya kukomboa, mtani akaichukua kanga, na kibodi akabaki nayo. Kijana akatazama jua. Kaka akatema maganda ya muwa, akasema kwa sauti ya kanisani, "Mteja anaondoka mikono mitupu. Nyote mmeona. Jumatatu, mchumba."

Sasa sijui nilipata wapi. Labda marehemu mmoja alinihurumia pale ubaoni. Nikamgeukia kaka nikasema, taratibu tu, kama mtu anayeongea mambo ya hali ya hewa: "Na wewe kibanda unakitafutia nini? Kile kinguruwe chako chembamba kinatosha kulala kwenye kikapu."

"Chembamba?" akasema kaka.

"Mbavu unazihesabu ukiwa barabarani. Mimi nashindwa hata kumwagia maganda, naona atazimia kwa uzito wa maganda."

Wanawake wa karoti wakacheka. Kaka anaweza kutukanwa yeye, ukamtukana hata mke wake. Lakini nguruwe yule! Akasimama katikati ya mkeka, muwa juu kama fimbo ya askofu. "Nguruwe wangu mwembamba? Nguruwe wangu mimi? Dada, wewe macho yamekufa. Mgongo wake unaweka sinia la chai, halimwagiki! Shingo hana, mafuta yameimeza! Mlima mzima huu, toka mtoni mpaka msituni, mniletee nguruwe mzuri kama yule, nawapa na shamba!"

Kisu kikasimama kwenye karoti. Kaka mwenyewe akasikia alichosema, mdomo ukabaki wazi, muwa ukashuka wenyewe.

Mtani akaiweka kibodi chini kwenye mkeka, kama mtu anavyotua mtoto aliyelala.

"Mzuri hivyo?" akasema.

"Ana kikohozi," kaka akasema haraka. "Ana... ananuka."

"Nguruwe anayenuka! Makubwa." Akajishika kwenye mkongojo, akainuka. "Twende tukamwone mgonjwa."

Aliteremka mlima kikongwe yule, mkongojo hata haugusi chini. Kaka nyuma yake anamwahidi kuku, anamwahidi jogoo na jogoo mwingine wa jirani ambaye hata si wake. Mjukuu wangu akaiokota kibodi, akaifuta udongo wa karoti, akampa kijana kwa mikono miwili. Kijana akaifunga kwenye begi lake la mgongoni. Mimi nilikaa kidogo kwenye mkeka.

Tulipofika nyumbani mtani ameshafungua kamba kwenye mpera. Tatizo nguruwe mwenyewe. Mimba kubwa, mlima mkali, akakaa. Anavutwa, amekaa. Mtani akamtazama kaka: "Sukuma, mtani. Au umenuna?"

Watu walikuwa wameshajaa. Kaka akatabasamu. Nilihesabu meno yake yote. "Nani kanuna?" akasema. Akainama, akasukuma nguruwe wake mwenyewe. Alipoteleza, yule kijana wa Dar akavua begi akampa mjukuu wangu alishike, akaja akaweka bega upande wa pili. Nilimwambia, "Baba, treni yako!" Akasema, "Bibi, hii siwezi kukosa." Wakapanda. Mtani mbele na kamba anaimba, nguruwe katikati, kaka na mteja nyuma wanasukuma. Vile viatu vyeupe Dar havikurudi vyeupe, hata kidogo. Lakini kijana alirudi, na treni aliipata, na kibodi ilikuwa mgongoni kwake, na kaka alisimama barabarani amejaa matope mpaka masikioni akimwona anaondoka nayo.

"Ameondoka nao mkononi?" nikamuuliza kaka.

"Mgongoni," akasema.

"Kaka."

"Haya, haya. Mkononi."

Kibanda ni cha mjukuu wangu mpaka leo. Siku hizi kina bati jipya na meza ndefu, na wateja wengine wanapanda wenyewe, na wote wanafika wakiuliza habari za nguruwe, maana yule kijana aliwasimulia. Wengine kwenye oda wanaandika kabisa: naomba kitufe kirefu kilie kama mama yenu mkubwa. Tunajitahidi. Mimi bado nachambua kwenye ungo, na situpi kitu.

Mtani bado anapita. Akifika tu namwambia kila kilichomo mle ndani ni takataka, kinanuka, kitamwambukiza ugonjwa. Anajibu anajua, ndio maana kwetu hachukui tena, tumebaki na vitu vibovu tu. Nguruwe alizaa kule juu. Mtani alituma salamu kwamba watoto wote wamefanana na kaka yangu, hasa wakila.

Kaka alimwendea mwanzoni kuulizia. Mtani akamwambia, "Utamchukua siku ya matanga yangu. Ni haki yako, wewe ndiye utakayenizika." Basi toka hapo kaka yangu kila Jumapili baada ya misa anapanda mlima kumjulia hali. Anauliza kifua. Anauliza miguu, anauliza kama usingizi anapata, na kama ile homa ya mwaka juzi haijarudi. Na yule kikongwe, kwa ukorofi aliozaliwa nao, hajawahi kuwa na afya nzuri kama mwaka huu.